Askari wa Mkono Mmoja

Leo sikilizeni habari za Adrian Carton de Wiart, askari wa Uingereza aliyezaliwa Brussels mwaka 1880.

Mwaka 1914 alipoteza jicho vitani Somalia. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, akapoteza mkono wa kushoto. Hakuacha kazi. Mwaka 1916 huko La Boisselle, Ufaransa, makamanda wenzake watatu waliuawa au kujeruhiwa. Aliviongoza vikosi vyao pamoja na chake, akapewa nishani ya Victoria Cross.

Katika Vita ya Pili, mwaka 1941, Waitaliani walimteka. Yeye na wenzake walichimba njia chini ya ukuta wa ngome, wakatoroka mwaka 1943. Alikamatwa siku ya nane. Alikuwa na umri wa miaka 62.

Sasa jibuni: ni nani kati yenu aliye mzee mno kushika kalamu?