Ukinusa Gesi, Usiguse Swichi



Gesi ya mtungi wa kupikia ni propani na butani, yaani kaboni na haidrojeni zilizoshikana. Ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo ikivuja hutambaa sakafuni na kutuama chini ya meza na kitanda. Haina harufu, ule uvundo huongezwa makusudi ili watu washtuke.

Sasa mtu anaamka usiku, ananusa gesi, na mkono unaenda ukutani kuwasha taa. Hapo ndipo hatari ilipo. Ndani ya swichi huruka cheche ndogo, na cheche ni elektroni zinazokimbizwa na umeme, zikigonga kila molekuli iliyo njiani. Pigo jepesi huitikisa tu molekuli ya propani. La nguvu huisisimua mpaka ikapasuka, haidrojeni ikachomoka. Lililo kali zaidi, kuanzia elektroni-volti 11 hivi, hung'oa elektroni ya molekuli yenyewe, nayo ikaenda kugonga nyingine. Oksijeni pia huvunjwa. Vipande hivyo havitulii: huungana na oksijeni, hutoa joto, joto huvunja molekuli zaidi, na nyumba imeshika moto. Propani ikifika asilimia 2 hivi ya hewa, inatosha.

Kwa hivyo taa iliyozimwa ibaki hivyo, na inayowaka isizimwe. Kuzima nako hutoa cheche, jambo ambalo wengi husahau. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watoto. Simu ipigwe mkiwa nje, mbali na nyumba.