Nani Amekwambia Dawa Hiyo Inaponya?

(Hotuba iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika semina ya siku moja kwenye ukumbi wa parokia)



Kwanza tunawashukuru kwa kufika. Tunajua leo ni siku ya soko na wengine mmeacha vibanda vyenu. Mlituomba tuzungumze juu ya sifa za dawa na za hospitali: zile tunazopewa kwa mdomo, na zile zinazotufikia kwa simu. Sisi si madaktari. Sisi ni watu wa maendeleo ya jamii. Lakini tumetembea na vikundi vyenu miaka mingi, na jambo hili limetuuma sisi wenyewe. Kwa hiyo hatukuja kugombeza mtu. Tutaanza na kosa letu.

KOSA LETU

Mwaka 2023 tulikuwa na mkutano na kikundi cha akina mama wanaosuka vyondo. Wanachama ni 22. Mkutano ulipokaribia kwisha alifika kijana mmoja nadhifu, amebeba kompyuta ndogo na begi. Akaomba dakika tano tu. Mwenyekiti akatutazama sisi tuliokaa mbele, kama kuuliza ni sawa? Tukasema, "Mpeni nafasi." Hilo ndilo kosa letu. Akina mama walifikiri amekuja na sisi.

Kijana yule alikuwa na mashine. Unashika kijiti cha chuma mkononi kwa dakika moja, na kompyuta inaandika magonjwa yako yote: ini, figo, mifupa, moyo. Kila aliyeshika alikutwa na ugonjwa. Na kila ugonjwa ulikuwa na unga wake wa kunywa, pakiti ya mwezi mmoja shilingi 6,500. Ukileta wenzako watatu, unapata kamisheni. Akaomba aingizwe katika kikundi chao cha WhatsApp, naye akaingizwa.

Mweka hazina wa kikundi alikuwa akitumia vidonge vya presha kutoka kituo cha afya kwa miaka mitano. Kijana akamwambia vidonge na unga havipatani, achague kimoja. Akaacha vidonge. Wiki za kwanza alijisikia mwepesi na alilala vizuri. Basi akachukua simu akarekodi sauti yake: "Wenzangu, mimi nilikuwa mgonjwa, leo nimepona. Nunueni hii dawa." Wanachama tisa wakanunua, wengine kwa pesa za kukopa kikundini.

Mwezi wa nne alianguka akifua nguo. Kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, mdomo ukapinda, hakuweza kusema. Na jameni, wakati amelala wodini hawezi kutamka hata jina lake, sauti yake ilikuwa bado inazunguka katika simu za watu, mpaka vijiji ambavyo hajawahi kufika: "Leo nimepona." Binti yake aliletewa ujumbe huo na mtu ambaye hata hakujua ni sauti ya mama yake.

Mama huyo sasa anatembea kwa fimbo, na maneno yanatoka polepole. Ndiye aliyetuomba tuwaeleze habari hii bila kumtaja jina.

KWA NINI TUNAAMINI MDOMO

Tusiudharau mdomo. Ukitaka fundi wa kujenga unauliza jirani. Ukitaka mbegu nzuri unauliza aliyevuna. Hata hospitali ni hivyo hivyo: kabla hujapanda matatu, umeshauliza wapi wauguzi ni wapole na wapi dawa hazikosi.

Lakini nguvu ya mdomo ni kubwa kuliko tunavyofikiri. Wengi wenu mnakumbuka Loliondo mwaka 2011. Mzee Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri katika kijiji cha Samunge, kaskazini mwa Tanzania, alikuwa akigawa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500 za Tanzania. Alisema kinatibu ukimwi, kansa, kisukari na magonjwa mengine mazito. Hakubandika mabango. Ni watu waliosema, wakapigiana simu, redio na magazeti yakachukua. Magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi porini. Kutoka Kenya watu walivuka mpaka kwa matatu za kukodi, na wagonjwa wengine walitolewa wodini wapelekwe huko. Mwishoni mwa mwezi wa tatu mzee mwenyewe aliomba watu wasije kwanza, foleni ipungue. Iliripotiwa kwamba watu zaidi ya 50 walikufa wakingoja. Na wakuu wa afya ilibidi waonye wenye virusi vya ukimwi wasiache dawa zao.

Hatusemi mzee yule alikuwa na nia mbaya. Tunataka mwone jinsi ushuhuda unavyosafiri. Aliyekunywa kikombe Jumatatu alishuhudia Jumanne. Aliyezikwa miezi miwili baadaye hakurudi kusimama mbele za watu akasema, "Mimi hakikunisaidia." Kwa hiyo tulisikia upande mmoja tu.

Kuna sababu nyingine ushuhuda unatudanganya hata kama msemaji ni mkweli. Ya kwanza, magonjwa mengi hupanda na kushuka yenyewe. Mgongo ukiuma sana unatafuta dawa. Ukipungua, unaisifu dawa uliyokunywa siku hiyo. Ya pili, mtu anakunywa za hospitali na za kienyeji pamoja, halafu sifa anapewa mmoja. Ya tatu, katika nchi mbalimbali imegunduliwa kwamba unga na vidonge vingine vinavyoitwa mitishamba vimetiwa kwa siri dawa kali za hospitali, kama vile dexamethasone. Mgonjwa wa viungo anapata nafuu ya haraka, naye anatangaza kijiji kizima. Kumbe dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu bila daktari inapandisha sukari na presha.

Na presha yenyewe, ndugu zetu, mara nyingi haiumi. Unaweza kujisikia mzima kabisa na ikawa juu. Ndiyo maana yule mama hakusema uongo. Alijisikia vizuri kweli. Lakini presha haina ushuhuda, presha ina namba. Ikipimwa mara kwa mara ikawa 140 kwa 90 au zaidi, iko juu, hata kama unaimba na kucheza. Na mashine ya kushika chuma ikakusomea magonjwa yote ya mwili haipo. Ingekuwepo, hospitali zetu zingekuwa za kwanza kuinunua.

MDOMO UNAOFAA

Sasa mtauliza, basi tusiseme? Hapana, tuseme. Ila tujue mdomo unaweza kushuhudia nini.

Katika eneo letu kulikuwa na zahanati ambayo akina mama waliikimbia. Tangu 1 Juni 2013 serikali iliondoa ada ya kujifungua katika vituo vya umma, lakini wengi waliendelea kuzalia nyumbani. Tulipouliza, jibu lilikuwa moja: "Huko wanatugombeza, na maji ya kuoga ni baridi." Mama mmoja alikuwa amefokewa, akaeleza kisimani, ikatosha. Vikundi viwili vilichagua wajumbe, wakaenda kwa kamati ya zahanati wakayasema hayo kwa heshima. Muuguzi mkuu alisikiliza. Maji ya moto yakapatikana, uji ukapatikana, na mzazi akaruhusiwa kuingia na mwenzake. Mama wa kwanza aliyehudumiwa vizuri alirudi kisimani akasema. Hakuna tangazo lingeshinda hilo.

Mnaona tofauti? "Nilipokelewa vizuri, nilingoja saa mbili, nilitozwa pesa hizi na nikapewa risiti." Hayo mtu ameyaona kwa macho yake, na ushuhuda wake ni halali. Bali "dawa hii inaponya presha" si jambo linaloweza kuonekana kwa macho ya mtu mmoja. Hilo linahitaji kipimo, na watu wengi waliofuatiliwa muda mrefu, pamoja na wale ambao hawakupona.

SIMU NA MDOMO

Simu ni mdomo uliopewa mbio. Ila ina hila zake. Kisimani unamjua anayesema, na kwao unapajua. Katika Facebook au TikTok humjui. Tangazo linalipiwa, na mwenye kulipa anachagua lifikie watu gani: wa umri huu, wa eneo hili. Koti jeupe mtu yeyote anashona. Picha ya daktari huibwa, na siku hizi hata sauti na sura ya mtu mashuhuri hutengenezwa kwa kompyuta. Maoni ya kusifu huandikwa na wauzaji wenyewe, na ya kulalamika hufutwa.

Hata hivyo, hospitali nzuri nazo hutumia simu, na hiyo ni faida kwetu: siku ya kliniki ya macho, siku ya chanjo, siku daktari wa mifupa anapofika. Tangazo la kweli linakwambia mahali, siku, huduma na bei. Halikuahidi kupona, wala halikuharakishi ulipe leo kabla ya jioni. Kituo cha kweli kina leseni kutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na duka la dawa lina leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Ombeni kuziona. Si utovu wa adabu. Hata dawa za mitishamba zinazouzwa kwa pakiti zinatakiwa kusajiliwa na Bodi hiyo.

TUFANYE NINI?

Baada ya mama yule kuanguka tulikwenda nyumba kwa nyumba kwa wale tisa. Wanne walikuwa wameacha dawa za hospitali. Tuliandamana nao mpaka kituo cha afya wakaanzishwa tena. Kisha kikundi kiliandika sheria, nasi tunawaomba mzichukue:

1. Hakuna muuzaji wa dawa kusema katika mkutano wala kuingizwa katika kikundi cha WhatsApp, awe ameletwa na nani. Hata sisi wa ofisi tukimleta, mtukatalie.

2. Anayesifu dawa ataulizwa maswali matatu: Umeona au umesikia? Unapata kamisheni? Ulipimwa wapi, na namba zinasemaje?

3. Hakuna mkopo wa kikundi kwa dawa isiyoandikwa na mhudumu wa afya.

4. Hakuna kuacha vidonge kabla ya kuzungumza na aliyeviandika. Vikikuletea shida, mwambie. Mara nyingi viko vya kubadilisha.

5. Aliyesambaza jambo likaonekana si kweli, alirudie pale pale alipolisema. Si aibu. Aibu ni kunyamaza.

Pia tuwatumie wahamasishaji wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua 100,000 nchi nzima wakiwa na mikoba yenye vifaa, pamoja na mashine za kupimia presha na sukari. Mwalikeni wa kijiji chenu mara moja kwa mwezi apime wanachama, na kila mmoja aandike namba yake katika daftari lake mwenyewe. Namba ya mtu ni siri yake, isisomwe mbele za watu.

Yule mama alipoweza kutamka tena, aliomba simu. Alirekodi ujumbe wa pili. Ni mfupi na maneno mengine hayasikiki vizuri. Anasema: "Nilikosea. Rudini kliniki." Ameomba wote waliopata ule wa kwanza wapate na huu. Tunao katika simu ya ofisi. Kabla hamjaondoka, kila kiongozi apite pale mezani aupokee, aupeleke nyumbani kwake.



Maswali ya kuzungumzia kikundini:

1. Je, kuna dawa iliyouzwa katika kikundi chetu? Nani alimleta muuzaji?

2. Ni mwanachama gani ameacha kwenda kliniki, na tutamsaidiaje bila kumwaibisha?

3. Watu wanasema nini juu ya zahanati yetu? Nani atakwenda kuwaeleza wahusika?