Ngao ya gari inamkinga nani?

Simama dakika kumi tu pembeni mwa Barabara ya Bagamoyo, hapa Dar es Salaam, uyatazame magari ya porini yanavyopita. Mengi yamefungwa ngao ya chuma mbele, nene, inayong'aa kama sufuria mpya ya harusi. Lakini kwa mengi ya hayo, tope pekee yanalolijua ni la Jangwani wakati wa masika.

Sina ugomvi na ngao. Kule Australia zilifungwa kwa sababu ya kangaruu wanaoruka barabarani usiku. Rejeta ikipasuka mbali na mji, safari imekwisha. Hata kwetu, anayekwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na nyati hana habari na taa zako. Ninachouliza ni hiki: wewe gari lako linapita wapi?

Mwenye safari ya porini kweli huanzia uvunguni, siyo mbele. Kisiki na jiwe havikungoji kwenye taa, vinakungoja chini. Sampu ikitoboka, oili inamwagika, na usipozima injini upesi umeiua. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye bamba la kukinga sampu, gia boksi na tanki la mafuta. La chuma cha milimita 3 au 4 linavumilia kusuguana na mwamba. La alumini hufanywa nene zaidi, kama milimita 6, lakini ni jepesi, kwani alumini ina uzito wa kama theluthi moja ya chuma cha ujazo uleule.

Kabla hujalipa, muulize fundi mambo matatu. Je, linafungwa kwenye chesisi? Je, lina tundu la kumwagia oili? Je, linafunguka kwa urahisi ili kutoa tope na nyasi? Nyasi kavu zikijazana karibu na bomba la moshi huwaka, na gari likateketea.

Pili ni vyuma vya ubavuni. Navyo vishike chesisi. Vikishika bodi tu, hivyo ni ngazi ya kupandia. Ukivikalisha juu ya jiwe vitabonyea pamoja na milango.

Ngao ya mbele ije mwisho. Ya chuma, pamoja na winchi yake, inaweza kuzidi kilo 80. Ni kama kumkalisha mtu mzima juu ya bampa mchana na usiku, na sipringi za mbele zitakueleza. Tena kama gari lina mifuko ya hewa, ngao isiyotengenezwa kwa gari hilo inaweza kuvuruga ufunguaji wake siku ya ajali.

Lakini hayo ni ya mwenye gari. Yuko na mwingine. Boneti na bampa za magari ya siku hizi hutengenezwa zibonyee kidogo zikimgonga mtu. Ngao ya chuma haibonyei, nayo inakaa usawa wa kifua na kichwa cha mtoto wa shule. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya mwaka 2005 uliagiza ngao zipimwe kwanza zitamfanya nini mtembea kwa miguu, na India mwezi Desemba 2017 ikaagiza majimbo yake yawachukulie hatua wanaozifunga.

Ndugu msikilizaji, ngao humkinga mtu na adui. Mtoto anayevuka barabara na daftari mkononi si adui yako. Kama unakwenda porini, funga, na ukirudi fungua. Ni kazi ya spana. Kama gari lako hulala Sinza na kushinda Posta, hiyo ngao unamfungia nani?

Hadi juma lijalo, kwaheri.