Mfanya Kazi na Chumba cha Kupangisha



Twaulizwa kila mara: mtu aingiaye kazini asubuhi na kutoka jioni, aweza kupata nyumba ya kupangisha? Jibu li hapa hapa Eastlands. Mwaka 1975 Baraza la Jiji na Benki ya Dunia walianza mradi wa Dandora, viwanja 6,000. Mtu alipewa kiwanja chenye maji na choo. Vyumba alijijengea mwenyewe kidogo kidogo. Wengi walipangisha chumba cha kwanza, na kodi yake ikasaidia kujenga cha pili.

Nasi tuanze hivyo. Kwanza, tuweke akiba katika sacco kila mwezi, maana mkopo hufuata akiba. Lakini tusisahau wadhamini: tusipolipa, akiba ya mwenzetu wa kazini ndiyo itakayokatwa.

Pili, tusitoe hata shilingi moja kabla ya kuihakikisha hati katika ofisi ya ardhi. Cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi si hati ya kiwanja. Twende Jumapili tukakione kwa macho, tuwaulize na majirani.

Tatu, tuhesabu miezi ya chumba kitupu, matengenezo, na kodi ya serikali.

Mwisho, ndugu, mpangaji wetu ni mfanya kazi kama sisi. Tukimpandishia kodi bila huruma, kesho tutamwambia nini mwajiri anayetukatalia nyongeza?

Haba na haba hujaza kibaba.