Mkate Chini ya Mretemu



Somo la kwanza la Dominika hii, kutoka Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, latuonyesha shujaa aliyevunjika moyo. Eliya, aliyewakabili peke yake manabii wa Baali mlimani Karmeli, sasa amekimbilia jangwani. Ametoka katika damu nyingi, naye anatafutwa auawe. Mtumishi wake amemwacha Beersheba. Ameketi chini ya mretemu, akimwomba Mungu aitwae roho yake.

Tutazame jinsi Mungu anavyomtendea. Hamkemei, wala hamwambii ajikaze kiume. Anamwacha alale. Malaika anamgusa na kumpa mkate na maji, kisha anarudi mara ya pili. Tukiendelea kusoma twaona kwamba ni baadaye tu, huko Horebu, Mungu anapomwuliza anafanya nini pale. Eliya anasimulia uchungu wake. Anaulizwa tena, naye anasimulia tena yaleyale. Mwenyezi, ajuaye yote, hakuchoka kuisikia habari ileile mara mbili.

Ndugu wapendwa, akina Eliya wamo nyumbani mwetu. Ni yule baba anayeshtuka mlango ukibamizwa, autafutaye usingizi ndani ya chupa. Ni yule kijana aliyeona nyumba yao ikiteketezwa, na leo shuleni aitwa mkorofi. Jeraha hili la nafsi, ambalo wataalamu huliita kiwewe, si wazimu, si upungufu wa imani, wala si laana ya ukoo. Mwili na moyo vimebaki katika hatari iliyokwisha kupita. Hata hivyo, jeraha halimpi mtu ruhusa ya kumpiga mkewe na watoto. Lampa sababu ya kutafuta msaada mapema.

Majirani zetu Wanyarwanda husema kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, machozi ya namna hiyo yalikuwa mengi nchini mwao. Ndipo mwaka 2005, huko Byumba, kaskazini mwa nchi, Dayosisi ya Kianglikana ilipoanza vikundi vilivyokuja kuitwa Mvura Nkuvure, maana yake, "niponye nikuponye". Watu 10 hadi 15 wa mahali pamoja hukutana mara moja kwa juma, kwa majuma 15, wakiongozwa na wenzao wawili waliofunzwa. Katika vikundi hivyo wameketi manusura pamoja na waliotoka gerezani, wazee pamoja na vijana. Huanza na usalama, kisha kuaminiana, kutunzana, kuheshimiana na kuelekea maisha mapya. Kumbukumbu huja mwisho. Ni utaratibu uleule wa jangwani: mkate kwanza, maswali baadaye.

Basi, sisi tufanye nini? Jumuiya zetu ndogondogo zasali vizuri, lakini mara nyingi akina baba hawaonekani, na vijana huja kuimba tu. Hatuna budi kuwatengea nafasi yao, saa wasipokuwa kazini, chini ya mwembe ikibidi. Makatekista na wazee wa jumuiya watafute mafunzo kwa wenye ujuzi kabla ya kuanza. Lisemwalo hapo lisitoke nje. Asilazimishwe mtu kusema. Tusiharakishe kuhubiri, wala kumdai aliyeumizwa asamehe leo. Na yeyote asemaye kwamba amechoka kuishi, kama alivyosema Eliya, asilaumiwe wala asiachwe peke yake. Tumsindikize hospitali siku hiyohiyo. Kumeza dawa za daktari na kusali havigombani.

Tusione haya. Mficha ugonjwa, kifo humwumbua. Bwana wetu mwenyewe alilia hadharani kaburini kwa Lazaro, na hakuna aliyemwona kuwa si mwanamume.

Mungu hakumwacha Eliya pangoni. Alimrudisha njiani, akamwonyesha Elisha akilima shambani, naye Eliya akamtupia vazi lake. Hayo ndiyo yaliyo mbele yetu, ndugu. Baba aliyepona humrithisha mwanawe vazi. Asiyepona humrithisha jeraha. Mungu atujalie kuwapelekea ndugu zetu mkate walipo, chini ya mretemu wao, na kuwa na subira ya kuwasikiliza hata mara ya pili.

Amina.