Uniti za LUKU na Fungu la Dawa
Maneno ya Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wakazi wa kata



Nimetakiwa nizungumzie matumizi ya umeme katika vituo vyetu vya afya. Naomba nianze na fedha, kwani ndiko jambo hili linakouma. Kituo hununua uniti za LUKU kama tununuavyo majumbani, na sehemu ya fedha hizo hutokana na malipo yenu dirishani. Malipo hayo hayo ndiyo yanayotegemewa dawa zinapopungua.

Tuchukue taa. Balbu ya kizamani ya wati 60 ikiwaka saa 10 hula uniti 0.6. Jengo lenye balbu 40 za namna hiyo humaliza uniti 24 kwa usiku mmoja. Zikiwekwa balbu za LED za wati 9, ambazo mwanga wake unakaribiana nazo, zitatumika uniti 3.6 tu. Hesabu hii haihitaji fundi.

Kubana matumizi si kuwaweka wagonjwa gizani. Taa ya chumba cha kujifungulia haiguswi, wala jokofu la chanjo, ambalo sharti libaki kati ya nyuzi joto 2 na 8 usiku na mchana. Lakini hata jokofu hilo hula umeme zaidi likisongamana na ukuta, mpira wa mlango ukichakaa, au (hili ni aibu kulitamka) likigeuzwa mahali pa kupozea soda.

Madirisha nayo yafunguliwe. Hewa ikipita, chumba hupoa bila kiyoyozi, na hatari ya kuambukizana kifua kikuu hupungua. Kivuli cha miti upande wa magharibi husaidia pia, na miti hiyo twaweza kuipanda wenyewe.

Wengi mmeuliza habari za sola. Ni jambo jema. Ila jengo linalopoteza umeme hudai paneli na betri nyingi zaidi, kwa gharama kubwa zaidi. Tuzibe matundu kwanza.

Kamati ya usimamizi wa kituo ina wawakilishi wenu. Katika mkutano ujao, waombeni wawasomee uniti zilizonunuliwa kila mwezi, sambamba na fedha za dawa, kisha waulizeni ni nani aliyepewa jukumu la kuzima taa za ofisi jioni.