Maji ya Chumvi na Uhai wa Seli: Papa, Silikanti na Sisi



Hapa Chumbageni, Tanga, sina haja ya kumweleza mtu bahari ni nini. Nimekuja kueleza inafanya nini ikishaingia mwilini.

Anayetengeneza kachumbari hukinyunyizia kitunguu chumvi, akakifikicha, na muda si muda bakuli lina maji. Maji hayo yametoka ndani ya seli. Utando wa seli huyapitisha maji kwa wepesi ila chumvi huizuia, kwa hiyo chumvi ikizidi nje, maji huhamia huko na seli hunywea. Hiyo ndiyo osmosisi, na seli za damu yetu nazo zinaifuata kanuni hiyohiyo.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Dripu ya maji ya chumvi anayotundikiwa mgonjwa, iliyopimwa ilingane na damu, ina gramu 9 tu kwa lita. Figo za binadamu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kama ya bahari. Aliyekunywa lita moja ya maji ya bahari, ili aitoe chumvi yake, atapoteza maji zaidi ya lita moja. Mvuvi aliyeharibikiwa na injini akachukuliwa na mkondo, akiyanywa, anajiongezea kiu. Seli za ubongo hunywea, akili huvurugika, degedege hufuata, kisha kifo. Wako wanaoamini kwamba kidogo kidogo hayadhuru. Yanadhuru, ndugu zangu. Dumu la maji baridi lisikose chomboni.

Samaki je? Damu ya changu ina chumvi kama theluthi ya ile ya bahari, kwa hiyo maji humtoka mchana na usiku. Yeye huinywa bahari, kisha seli maalumu za mashavu yake huisukuma chumvi nje. Kazi hiyo humgharimu nguvu nyingi.

Papa na taa wamefuata njia nyingine, na hii ndiyo inayonishangaza zaidi katika elimu yote ya viumbe. Urea, taka ambayo sisi huitoa kwa mkojo, wao huihifadhi kwenye damu kwa wingi hadi damu ikakaribia kulingana na bahari. Maji hayana tena sababu ya kukimbia. Urea nyingi kiasi hicho huharibu protini, lakini mwilini mwao imo kemikali nyingine inayozikinga. Ile harufu kali ya papa aliyelala, inayowasha pua sokoni Deep Sea, ni urea iliyogeuzwa amonia na bakteria.

Na silikanti? Samaki huyu alidhaniwa ametoweka duniani tangu enzi za dinosaria, hadi mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer alipomwona mmoja miongoni mwa samaki waliovuliwa karibu na East London, Afrika Kusini. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 amekuwa akinaswa hapa kwetu, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Wanasayansi walipoipima damu yake waliikuta imejaa urea, kama ya papa, ingawa kwa nasaba yu karibu zaidi nasi kuliko na papa. Koo mbili zilizoachana zamani mno zimefikia jibu lilelile.

Damu yao inafanana, na mtego unaowanasa ni mmoja: jarife. Nyavu zinazotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa ndizo zinazompandisha silikanti. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa, kwa kusoma alama za magamba, walikadiria kwamba huanza kuzaa akikaribia miaka 55, na mimba yake huchukua miaka mitano hivi. Jike mmoja akifia wavuni ni miongo mingi ya ukuaji iliyopotea, pengine pamoja na watoto tumboni. Ndiyo maana naomba jarife za kina kirefu zikome ndani ya hifadhi, na mvuvi anayeziacha asaidiwe kupata zana nyingine kabla wavu wake haujachukuliwa.